Kucheka Bila Kulowa

Nilimwoa kambo wangu, mama aliyemzaa baba yangu, siku ile ile niliyozaliwa. Wanasema alinipokea kutoka mikononi mwa mkunga, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kuku sokoni, kisha akatangaza mbele ya ukoo wote kwamba bwana wake amefika, tena amefika bila mahari. Ndivyo ilivyo kwetu Waluba. Mjukuu wa kiume ni bwana wa kambo wake, naye kambo ni bibi yake, maana katika Kiswahili chetu cha Kamina bibi ni mke. Wanataniana, wanachokozana, wanalalamikiana mbele za watu kwamba mwenzake hajui mapenzi. Hakuna neno lisilosemeka kati yao. Lakini kati ya mama na mwanawe wa kiume, na zaidi sana kati ya mama mkwe na mke wa mwanawe, umesimama ukuta wa heshima ambao hata ugonjwa hauuruki.

Naanza na desturi hii kwa sababu bila hiyo sijui kama kambo angekuwa hai leo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, nami ni mtu wa kufikiri mara nyingi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo, nimerudi nyumbani na shahada yangu, na kazi ilikuwa bado haijanipata. Kwa hiyo kuwaza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Pikipiki ikizimika mbele ya lango letu, nilijua ni habari ya msiba. Nikichemsha maji ya chai, nilijiuliza kama yamechemka kweli au yanajifanya. Kambo alikuwa akisema kichwa changu ni kinu kinachotwanga hata kama hakuna mahindi ndani.

Basi, mwanzoni mwa kiangazi mama yangu alikuwa akifua nguo akaona doa la damu kwenye kikwembe cha kambo, kile kitenge anachojifunga kiunoni. Kambo aliacha kuona siku zake zamani, kabla mimi sijazaliwa. Mama hangeweza kumwuliza mama mkwe wake neno kama hilo. Alimwendea baba, akaangalia pembeni, akamwambia, "Mama yako haiko muzuri." Baba alitazama jinsi mkewe anavyoangalia pembeni, akaelewa kwamba ugonjwa uko chini ya kikwembe, na tangu hapo naye akaanza kuangalia pembeni.

Asubuhi iliyofuata alimpakia mama yake kwenye pikipiki, akampeleka kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Mama anagonjwa nini?"

Kabla kambo hajafungua kinywa, baba akajibu, "Kichwa."

Kambo angesema nini? Kumkanusha mwanawe ni kutaja ukweli mbele yake. Aliitikia kwa kichwa hicho hicho, akasema, "Eeh. Kichwa." Wakamtoboa kidole, wakakuta malaria kidogo, kama wanavyoikuta kwa nusu ya mji, wakampa vidonge. Alivimeza vyote kwa utii. Kichwa, ambacho hakikuwa kimemuuma hata siku moja, kikaanza kuvuma kwa sababu ya vidonge. Na doa likarudi.

Niliyajua haya siku tulipokaa nyuma ya nyumba yake ndogo tukipukusa mahindi, kila mtu na beseni lake. Jua la kiangazi lilikuwa laini, vumbi jekundu limetulia, naye alikuwa akiimba kwa pua. Ghafla akaacha kuimba.

"Bwana yangu, fanya furaha. Bibi yako anarudia busichana."

"Namna gani?"

"Mwezi unanirudilia. Jitayarishe. Karibu ntakuzalia mutoto."

Nilicheka kama inavyompasa bwana. Kisha kicheko kikanikwama, na gunzi likaanguka miguuni pangu.

"Ona sasa," akasema. "Ameacha kucheka katikati ya njia. Minyi nilikuambia weye, sikuambia baba yako, juu ya kuwa weye unajua kucheka."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu mapema. Akasema alikwisha kuangaliwa. Wakati wauguzi walipokuja parokiani kuwapima akina mama mlango wa kizazi kwa siki, naye alipanga foleni, na walimwambia hana neno. "Balisema fasi yangu iko safi kama sahani ya mugeni," alisema kwa fahari. Alirudi nyumbani siku ile akicheza ngoma njia nzima. Sasa damu ikija, si inakuja kwa sababu ya uzee?

Hapo ndipo kinu changu kilipopata mahindi. Kama mlango wa kizazi ni safi, damu inatoka wapi? Nilisikia moyo wangu ukienda mbio, na sitaficha, haukwenda mbio kwa woga peke yake. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewaza juu ya vitu visivyokuwepo. Leo kulikuwa na kitu.

"Damu inakuya yenyewe tu," nikauliza, "ao inakuya pamoja na mukojo?"

"Bwana gani anauliza bibi yake vile?"

"Bwana ya wivu."

Alicheka hadi punje zikamtoka mkononi. Kisha akainamisha uso, akaongea polepole na beseni lake. Damu inakuja anapoanza kukojoa tu. Ikishatangulia, mkojo unakuwa safi. Inachoma kama pilipili. Na akijiosha, kidole chake kinagusa kakitu kadogo ambako zamani hakakuwepo.

"Tunaenda hospitali," nikasema.

"Nani atasema maneno hii kule?"

"Minyi."

"Weye!" Alinitazama kwa huruma. "Weye unaogopa hata kuuliza bei ya nyanya."

Ni kweli. Lakini kesho yake nilimwomba baba pikipiki. Alinipa ufunguo huku akiangalia uzi mwembamba wa moshi uliotoka jikoni. "Ni juu ya kichwa?" akauliza. "Eeh, papa. Ni kichwa." Akajaza mafuta mwenyewe.

Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke kijana aliyetoka Lubumbashi, mwenye kuongea haraka na kalamu mbili nyweleni. Alitutazama mlangoni, mzee aliyejifunga kikwembe chake cha Pasaka na kijana anayetoka jasho asubuhi ya baridi.

"Mama, uko na nani hapa?"

"Na bwana yangu," akajibu kambo.

Daktari hakupepesa macho. "Bwana ya kanisa ao bwana ya mujukuu?"

"Ya mujukuu. Ya kanisa alishakufa, huyu njo balinibakizia."

"Bon. Bwana, kaa pale, ueleze. Lakini nyuma ya pazia hautaingia."

"Usiogope, mama dokta. Hata ukimusukuma haingii."

Nikaeleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nikayapanga tena mlangoni, na yote yakatoka kwa wakati mmoja kama mbuzi zizini: siki, vidonge vya malaria, mwanzo wa mkojo, pilipili. Daktari aliinua mkono. "Mwanzo? Una hakika ni mwanzo?" Akamgeukia kambo, naye akathibitisha. Basi daktari akaagiza anywe maji mengi, na muuguzi wa kike akampeleka na vikombe vitatu. Mkojo wa kwanza katika kikombe cha kwanza, wa katikati katika cha pili, wa mwisho katika cha tatu.

Nilipoona vile vikombe vikirudi juu ya sinia na kupangwa dirishani, nilisimama bila kujua nimesimama. Cha kwanza kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea nyama. Cha pili safi. Cha tatu safi.

"Iko mu mupira!" nilipaza sauti. "Haiko mu kisima, iko mu mupira!"

Daktari alinikodolea macho. Nikamweleza, nikigugumiza maneno kwa furaha isiyo na adabu, kwamba katika umwagiliaji, ukifungua pampu na maji ya kwanza yakatoka mekundu kisha yakatakata, kutu iko ndani ya bomba. Kama kisima ndicho kibovu, maji yatakuwa mekundu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Njo ile," akasema daktari, naye akaanza kutabasamu. "Kibofu njo kisima. Mupira wake njo mrija wa mukojo. Tunaenda kuangalia mrija."

Walikwenda nyuma ya pazia. Mimi nilikaa nikitazama ukuta na kusikia kambo akimwambia daktari kwamba mikono yake ni ya baridi kama ya chura. Kisha daktari akarudi, akanawa mikono kwa muda mrefu, na akatuambia sisi wawili pamoja, bila kuangalia pembeni hata mara moja, jambo ambalo kambo alilisifu baadaye kwa majirani wote.

Mdomoni mwa mrija wa mkojo, alisema, kuna uvimbe mwekundu, ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa akina mama wazee jambo hilo hutokea mara nyingi, na mara nyingi ni kinyama tu kisicho na neno. Unapaka pomada, kinanywea. "Lakini hii ni ngumu kwa kidole. Na nikiigusa tu inatoa damu. Sitaki kukisia. Ntakata kipande kiloko, kidogo tu, batakiangalia na darubini."

Alimdunga sindano ya ganzi, akakata. Kipande kikaingia katika kichupa cha formoli, na kwa kuwa hapa Kamina hakuna mtaalamu wa kusoma nyama kwa darubini, kichupa kikasafiri kwenda Lubumbashi. Nilikisindikiza kwa mawazo katika kila kituo. Nilikiona kikipasuka. Nilikiona kikichukuliwa na mtu aliyedhani ni dawa ya meno. Kambo kwa upande wake aliwatangazia wanawake wa mtaa kwamba kipande chake kimemtangulia mjini, kitaona maghorofa, na kama kitapenda huko kisirudi.

Jibu lilikuja kwa simu. Nilikuwa sokoni nanunua samaki wakavu wa Bukama, na sauti ya daktari ilikuwa ya haraka kuliko siku zote.

"Ni kansa," akasema. "Sikiliza vizuri, usiwaze kwanza. Ni kansa ya mrija wa mukojo. Ni ya nadra, minyi mwenyewe niliisoma tu mu masomo, sijaiona. Lakini ni kaloko, iko pale pale mudomoni."

Siku chache kabla alikuwa amempapasa kambo kinena pande zote mbili bila kukuta tezi iliyovimba, na kipimo cha mashine tumboni kilikuwa safi. Kama ugonjwa ungekuwa umeingia ndani, aliendelea, angelazimika kumtuma mbali sana, kwenye mashine za mionzi ambazo hapa hazipo. "Hii naweza kuikata hapa hapa. Ile kansa, na pembeni yake nyama nzuri kiloko, ili isibaki mizizi. Mulikuya mapema. Unasikia? Mapema!"

Nilisahau samaki. Nilikimbia njia nzima, mtu mzima mwenye shahada, nikipita pikipiki na baiskeli za makaa, nikijua kwamba nabeba neno baya kuliko yote na kwamba ndani yake kuna neno jema, nisijue uso wangu uonyeshe lipi. Nilifika nikihema. Kambo alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Bwana yangu anafukuzwa na simba?"

Nikamwambia yote, kansa kwanza, kwa sababu nilijua nikianza na jema baya litanishinda. Aliendelea kutwanga hadi nilipomaliza. Kisha akaegemeza mchi.

"Na mukojo?"

"Mukojo gani?"

"Akikata mule, mukojo utakaa ndani ao utakuwa unatoka ovyo?"

Hapo lazima nieleze. Zamani parokiani kulikuwa na mwanamke ambaye baada ya uzazi mgumu mkojo ulimvuja siku zote. Upande wa akina mama kanisani, kila alipoketi, waliokuwa karibu walisogea. Hakuna aliyemfukuza. Walisogea tu, kidogo kidogo, hadi benchi zima likawa lake. Kambo alikuwa akienda kuketi naye kwa makusudi, na kwa hiyo aliyasikia yote: minong'ono, vikohozi, vitambaa vikitolewa mikobani. Mwanamke yule mwishowe aliacha kuja misa. Kambo aliyasikia yale, na hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kuwa mwenye benchi lile.

Nilirudi kwa daktari kuuliza. Alinichorea kwenye kiganja chake: msuli unaozuia mkojo uko ndani zaidi, yeye atakata sehemu ya nje tu. Wengi hubaki wakavu. Labda mkojo utatawanyika kidogo wakati wa kutoka. Lakini kuahidi, hapana, hawezi kuahidi.

Nilirudisha jibu hilo kama lilivyo. Ningeweza kulipamba. Niliwaza kulipamba njia nzima.

"Basi aniachie kapele kangu," akasema kambo. "Nitakufa nako, lakini mukavu."

"Itakuua na maumivu."

"Bantu banakufa."

"Bibi yangu..."

"Weye njo bwana. Basi sema neno ya bwana, usiniletee neno ya vitabu."

Nilisimama pale na kichwa kimejaa mirija, misuli, tezi na mashine za mionzi, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Yeye ndiye aliyenitoa.

"Nikianza kuvuya," akauliza, "weye utakaa karibu na minyi mu kanisa?"

"Nitakaa."

"Upande ya bamama?"

"Hata upande ya bamama."

"Na kitambaa kwa pua?"

"Bila kitambaa."

Kisha akashika mchi. "Enda uambie mama dokta anoe kisu chake. Na ukuye na samaki yako, naona ulibaacha bule kule."

Siku ya upasuaji baba ilibidi atoe ruhusa. Alikuja na kofia mkononi, akasimama mbele ya daktari akitazama kalenda ukutani.

"Ni juu ya kichwa ya mama," akasema.

Daktari alinitupia jicho. Nadhani alitaka kueleza, kisha akaona shingo ya baba ilivyokaza. "Eeh, papa. Njo ile."

"Atapona?"

"Tutafanya yote. Alikuya mapema."

Baba akashukuru, akatoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji hadi mwisho. Nilitaka kumfuata, lakini kati yetu sisi pia kuna mambo ambayo mtu huyaachia mgongo.

Walimdunga sindano ya mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, na kupitia dirisha la juu nilisikia sauti yake ikiwauliza kama miguu ile waliyoilaza ni yake au wameazima. Kila aliponyamaza nilikufa. Kila alipoanza tena nilifufuka. Kisha mlango ukafunguka, daktari akavua barakoa, na kabla hajasema neno nilijua, kwa sababu alikuwa anacheka na kitu alichoambiwa humo ndani.

"Nimekata ile, na pembeni nyama nzuri. Kwa macho yangu mipaka iko safi. Tunatuma Lubumbashi tena ili darubini nayo iseme. Na bwana, bibi yako ananiuliza kama niko na ndugu mwanamuke ya kukuoza, juu weye unachelewa kumupa mbanda, muke mwenzake."

Wakamwekea sondi, mpira unaotoa mkojo hadi kwenye mfuko wa plastiki, ili kidonda kipone bila kuguswa. Kambo aliuita mfuko ule sakoshi yake, mkoba wake wa kutembelea. "Nipatie sakoshi yangu," alikuwa akiwaambia wauguzi, "niende kutembea." Kitanda cha jirani alilala mke wa mwanajeshi kutoka kambini, mama mnene aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, anayechanganya Kilingala na Kiswahili na asiyejua kunong'ona. Alimwita kambo "koko", ndiyo kambo kwa Kilingala, na hao wawili walicheka hadi mganga mkuu akaja kuuliza kama hii ni wodi au harusi.

Lakini nilimfahamu bibi yangu. Sondi ilipokuwa ndani alikuwa mkavu kwa nguvu ya plastiki. Kila siku iliyosogea alizidi kuchekesha wengine na kupunguza kucheka mwenyewe, na usiku wa kuamkia kuitoa hakutaka bukari, ugali wetu.

Asubuhi daktari aliitoa, akamwambia anywe maji, asubiri. Akaenda chooni na muuguzi. Akarudi, akasema mkojo umetoka, umetawanyika kama maji ya kumwagilia mboga, lakini umetoka. Daktari akamsimamisha juu ya kitambaa cheupe, akaniamuru nigeuke nitazame dirisha.

"Kohoa, mama."

Akakohoa.

"Kohoa na nguvu."

Akakohoa hadi kitanda cha jirani kikatikisika.

"Kukavu!" akasema daktari. "Mama, hakuna hata tone."

Nikataka kuruka. Lakini sauti ya kambo ilikuwa ya mtu ambaye bado anasubiri. "Kukohoa ni kitu gani?" akasema. "Minyi sikohoi mu kanisa. Minyi ninacheka. Wale bamama benye kuvuya, njo kicheko kinabatoa haya. Mama dokta, sijapona mpaka nicheke."

"Basi cheka."

"Peke yangu? Niko mwehu? Bwana yangu iko pale dirishani, anichekeshe. Njo kazi yake."

Wodi nzima ilinigeukia. Nami nilikuwa nimejitayarisha! Mtu mwenye kuwaza kama mimi hawezi kuja mikono mitupu. Nilikuwa na hadithi tatu za kuchekesha nilizozipanga kuanzia nyumbani. Nikasimulia ya kwanza, ya padri na mbuzi. Alinitazama kama ng'ombe wa Kaniama anavyotazama pikipiki. Nikasimulia ya pili. Mke wa mwanajeshi akasema, "Koko, bwana wako anasimulia kama anasoma tangazo la kifo." Ya tatu niliisahau katikati.

Nilitoka jasho. Na hapo, kwa sababu jambo lilikuwa kubwa na sikutaka tudanganyike, nikamgeukia daktari nikamwuliza kwa dhati kabisa: "Dokta, kicheko kinatakiwa kuwa na ukubwa gani? Kwa sababu akicheka kidogo tu akabaki mkavu, hiyo si ushahidi. Na akicheka sana kuliko kawaida akavuja tone moja, hiyo pia si ushahidi. Hatuna kipimo. Labda tuanze na kicheko cha wastani, halafu tuongeze..."

Nilisikia sauti nyuma yangu, kama mlango wa ghala unaofunguka.

"Yoo!" alilia kambo. "Yooo, mama! Bwana yangu anapima kicheko! Ananiwekea kicheko mu ratili kama sukari!" Alijishika mbavu. "Cha wastani! Nipatie nusu kilo ya kicheko cha wastani!" Mke wa mwanajeshi alikuwa akipiga kelele kwamba mishono yake itakatika, daktari ameshika ukuta, muuguzi amejifunika uso kwa shuka, na kambo alicheka, alicheka hadi machozi yakamtiririka kwenye mikunjo ya mashavu, akainama, akainuka, akaanza upya kila aliponitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono wazi, bado nikingojea jibu la swali langu.

Kisha akakumbuka. Kicheko kilikatika. Alishika mkono wa daktari na kuganda, na wodi yote ikaganda naye.

Daktari akainama. Akakiinua kitambaa cheupe, akakigeuza pande zote mbili mbele ya dirisha, kama vile vikombe vitatu vya siku ile.

"Kukavu," akasema. "Mama, kikavu kabisa."

Nje ya dirisha, karibu na tangi la maji, ambako sikujua kwamba baba alikuwa amesimama tena akisikiliza, niliona kofia yake ikirushwa juu.

Jibu la pili la Lubumbashi lilisema mipaka ni safi. Haijaisha, najua. Daktari humwita kila baada ya miezi kadhaa, anampapasa kinena, anaangalia kidonda, na kabla ya kila safari mimi hutwanga kinu changu kitupu wiki nzima. Baba naye huniuliza kichwa kinaendeleaje, nami humjibu kwamba kichwa kinapendeza.

Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, nilijivalia shati na kuelekea upande wa wanaume kama siku zote. Kambo alikuwa ameketi upande ule mwingine, katikati ya akina mama, katika kikwembe chake cha Pasaka. Akanipigia kofi moja la hewani, kama mtu anayemwita kuku.

Nikaenda, nikainama, nikamnong'oneza: "Lakini hauvuyi. Ahadi ilikuwa kama utavuya."

"Minyi sikuweka 'kama'," akasema kwa sauti ambayo padri aliisikia. "Kaa."

Nikaketi. Akina mama mbele yetu waligeuka, mmoja akaanza kucheka, kisha benchi zima. Wimbo wa kuingia ulianza, na mimi nilikuwa nikiwaza niimbe sauti ipi, ya wanaume au ya wanawake, nikajisogeza kidogo ukingoni ili nisimbane.

"Sogea karibu, bwana," akasema kambo, akanivuta kwa mkono wa shati.